Nawe Uonje, Dada

Ijumaa, 28 Mei 1999

Dawa ya asubuhi imeingia. Zuhura amelia, amenitemea kidogo kwenye kanga, amemeza. Nimekaribia kuchelewa mtihani wa Jiografia.

Utaratibu ni ule ule tangu mdogo wangu atoke hospitali. Natoa kidonge kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati, asikoweza kufika. Nafungua ganda, nusu jekundu, nusu jeusi. Unga wa ndani namimina kwenye kijiko, naongeza maji ya sukari, nakoroga kwa njiti. Ana miaka mitano, hawezi kumeza kidonge kizima. Hapa Mikindani kila mtu anaviita rangi mbili.

Siku ya kwanza alifunga mdomo kabisa. Nikabembeleza mpaka akatoa sharti: "Nawe uonje, dada." Ndiyo mkataba wetu. Yeye akishameza, mimi nalamba unga uliobaki kwenye ganda. Mchungu mpaka masikioni. Tunakunja nyuso pamoja, halafu anacheka. Ya mchana anapewa na Mama nikiwa shule mjini, lakini Zuhura ananiwekea ganda kwenye sahani. Nikirudi, hata viatu sijavua, analeta.

Jirani yetu ananiita daktari. "Daktari, hujambo? Wagonjwa wangapi leo?" Naona aibu, naingia ndani.

Lakini napenda.

Jumatatu, 31 Mei

Mtihani wa Baiolojia. Swali la bakteria nimelijibu mpaka karatasi ya ziada.

Zuhura ametembea mpaka kisimani na kurudi bila kuchechemea. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi za nyumba ya zamani ya mawe, mguu ukavimba, homa ikampanda, akashindwa kusimama. Hospitali mjini walisema usaha umeingia kwenye mfupa. Tulikaa huko siku nyingi, sindano kila siku. Tulipotoka, Sista Anjela wa wodi ya watoto alitaka kumweleza Mama juu ya vidonge. Mama akasema, "Mwambie huyu, ndiye msomi wetu." Sista akanigeukia mimi. Akasema dozi zipishane kwa saa sawa, asubuhi, mchana na jioni. Visigawiwe kwa mtoto mwingine, hata kama anaumwa vilevile. Akitokwa na vipele au akivimba uso, mrudisheni haraka. Halafu akasema jambo nililoliandika nyuma ya daftari la Baiolojia: mguu utapona machoni kabla haujapona ndani. Msiache mpaka viishe.

Niliitikia kwa kichwa tu. Mbele ya watu sauti yangu hainitoki. Lakini nilishika kila neno.

Jumamosi, 5 Juni

Shule imefungwa jana. Leo mdogo wangu Shaibu, kaka yake Zuhura, amepelekwa jandoni.

Walimnyoa asubuhi. Ana miaka tisa na masikio makubwa, bila nywele yanaonekana makubwa zaidi. Zuhura akamwambia, "Sikio lako moja nipe mimi nifunikie chungu." Shaibu hakucheka. Mjomba Rashidi, kaka yake Mama, ndiye aliyekuja kumchukua pamoja na wenzake. Baba yuko Msimbati kwa mke mwingine, alituma salamu. Na hata angekuwepo, kwetu neno la mjomba ndilo neno.

Kumbi lao, kambi ya wanaotahiriwa, liko porini nyuma ya mikorosho. Wanawake hatufiki. Tunapika, wanaume wanakuja kuchukua. Tangu leo Mama hachani nywele wala hasuki mpaka kidonda cha Shaibu kipone. Amekaa ukutani kama mtu aliyefiwa. Najua anachowaza. Mwaka jana kijana mmoja wa upande wa pili alitolewa kumbini kidonda kimeoza. Hakufika hospitali.

Nilitaka kumwambia neno la kumfariji. Nikamwoshea vyombo.

Jumatatu, 7 Juni

Nimeanza kulipa saumu. Nadaiwa siku saba za Ramadhani, na likizo ndiyo nafasi. Nilimweleza Zuhura kwamba wiki hii sitalamba ganda mchana. Alifikiri sana.

"Na usiku?"

"Usiku utakuwa umelala."

"Basi utalamba ukimaliza. Yote."

Mama amesema jioni atampa dawa yeye, ili mimi nifuturu kwa raha. Nilifurahi. Ni muda mrefu sasa Mama hajaniambia pumzika.

Jana Mjomba Rashidi alikuja kuchukua chakula cha Shaibu. Walizungumza na Mama nyuma ya jiko, Kimakonde, chinichini. Nilipopita walinyamaza. Mambo ya kumbini. Hayanihusu.

Alhamisi, 10 Juni

Zuhura halii tena akinywa dawa! Ni siku ya tatu au ya nne sasa. Anameza, anafuta mdomo, anakwenda kucheza. Nimemwuliza kulikoni. Amesema, "Siku hizi dawa kama ugali."

Nimecheka mpaka nikaogopa saumu yangu. Dawa ya ugali. Nimemsimulia Mama. Mama akasema mtoto ameizoea, akaendelea kutwanga.

Najivunia. Mwezi mzima nimemfundisha ushujaa, na amejifunza.

Vidonge vingine vimelegea maungio, ganda linafunguka kabla sijalivuta. Unyevu wa bahari, nadhani. Nimeweka kipande cha karatasi chini ya mfuniko.

Jumamosi, 12 Juni

Zuhura hakutaka kwenda kucheza. Amekaa kizingitini akiuangalia mguu wake. Anasema unauma kwa ndani. Nimeubonyeza, hamna uvimbe. Mama anasema ni ukuaji.

Labda ni ukuaji.

Jumapili, 13 Juni

Joto. Si la jua. La kwake.

Nimesema twende hospitali. Mama amesema tungoje kesho, Mjomba anakuja kuchukua uji wa Shaibu, yeye Mama hawezi kutoka. Nimempangusa Zuhura kwa kitambaa cha maji. Nimempa dawa kwa wakati. Najiambia dawa anapata, kwa hiyo haiwezi kuwa mfupa. Haiwezi.

Jumatatu, 14 Juni

Nitaandika kwa mfuatano, ili nisijidanganye baadaye.

Saumu zangu ziliisha jana. Asubuhi nimefungua kidonge, Zuhura amemeza akiwa amelala, hana nguvu hata ya kugeuza uso. Akaninong'oneza, "Sasa nawe." Nikalamba ganda.

Hapakuwa na uchungu.

Nikalamba tena. Nikafungua kingine, nikamimina kiganjani. Kingine. Kingine tena. Unga wa muhogo. Ule wa kwenye debe letu, wenye harufu ya kuchachuka kidogo. Nimeula maisha yangu yote, siwezi kukosea.

Nilikwenda jikoni na kiganja wazi. Mama aliangalia kiganja, kisha moto. Hakuuliza ni nini.

Akasema Mjomba alimwambia rangi mbili ndizo zinazozuia kidonda kisioze. Unafungua, unamwaga unga juu ya kidonda, kinakauka. Kila mtu anafanya hivyo hata kwa kidonda cha jembe. Dukani hazikuwepo. Nyumbani zilikuwepo, kopo zima. Na Zuhura alikuwa anarukaruka. "Umemwona mwenyewe, mwanangu. Alikuwa mzima. Shaibu yuko porini na kidonda cha kisu, na huyu mzima anapewa dawa. Ningefanyaje?"

Nikamwuliza kwa nini alijaza unga.

"Kwa sababu wewe usingekubali."

Basi. Ndilo jibu lote. Alikaa, akafungua ganda moja moja, akamwaga dawa kwenye karatasi, akajaza muhogo, akafunga, akarudisha kopo juu ya kabati. Siku ambayo nilikuwa kisimani au kwenye sala. Halafu akaniambia pumzika, ufuturu kwa raha. Na mimi nikaona ni huruma.

Wiki nzima nimemlisha mdogo wangu muhogo kwa kijiko na kumsifu kwamba hajalia. Yeye aliniambia. Aliniambia kabisa kwamba ni ugali. Nikacheka.

Ningeibiwa na mwizi nisingeumia hivi. Mwizi hajui unapenda nini.

Vidonge vilivyobaki nimevifunga kwenye leso, viko mfukoni mwangu. Mama ametoka kumwomba jirani atupeleke mjini. Homa ni kali.

Jumanne, 15 Juni

Hospitali. Mguu umevimba usiku mmoja tu, ngozi inang'aa. Zuhura amewekewa dripu. Akiguswa shuka tu anapiga kelele.

Daktari ni kijana, anaongea haraka. Aliuliza, "Vidonge alikunywa vyote kama alivyoandikiwa?"

Mama akasema, "Vyote." Akanionyesha kwa kidole. "Muulizeni dada yake, yeye ndiye aliyekuwa anampa."

Wote wakaniangalia. Daktari, Sista Anjela, wanawake wa vitanda vya jirani. Nilifungua mdomo. Nikainamisha kichwa, na wakaelewa kwamba ni ndiyo.

Daktari akamwambia Sista kwamba kama alikunywa vyote na ugonjwa umerudi, basi dawa hii haimfai tena. Inatakiwa nyingine. Hapa haipo, iagizwe Dar es Salaam. Akasema mfupa huenda usingoje. Akasema neno mguu na neno kukata katika sentensi moja. Nadhani alidhani sielewi.

Mama alielewa pia. Alishika ukingo wa kitanda. Hakusema.

Mimi pia sikusema. Leso iko mfukoni. Naichukia leso, namchukia Mama, najichukia mimi.

Jumatano, 16 Juni

Nimesema.

Nilimngoja Sista Anjela nje ya chumba cha kuandalia sindano. Nilipanga sentensi kichwani tangu alfajiri, na alipotoka zikatoweka zote. Nikatoa leso, nikafungua kidonge kimoja mbele yake, nikasema, "Onja."

Alidhani nimechanganyikiwa. Nikasema ni muhogo. Nikasema dawa ilimfikia mwanzoni tu, baadaye ulikuwa unga, kwa hiyo dawa haijashindwa, haikupewa. Nadhani nilipiga kelele. Mtu alichungulia dirishani.

Aligusa kwa ncha ya ulimi. Uso wake ukabadilika.

"Dawa yenyewe ilikwenda wapi? Uliiuza?"

"Hapana."

"Uligawa?"

Nikamwambia imemwagwa kwenye kidonda cha mtoto mwingine. Akashika kichwa. Akasema dawa ya kumeza inafanya kazi ikipita tumboni na kuingia kwenye damu. Juu ya kidonda inaganda tu kama uji, uchafu unabaki chini yake. "Kwa hiyo umewanyima wawili kwa mpigo. Na unasoma sekondari! Nani alikutuma?"

Hapo nikamwona Mama. Amesimama mlangoni na chupa ya uji. Nywele hazijachanwa, kanga imeinuka upande. Alikuwa amesikia. Nilimwona anajua kwamba nimemwona.

Niliangalia sakafu. Nikangoja aseme, ni mimi. Maneno mawili tu.

Akapita katikati yetu, akaenda kitandani, akamwuliza Zuhura kama ana njaa.

Sista akaniambia nimshukuru Mungu nimesema mapema. Akamkimbilia daktari. Sikumshukuru Mungu. Samahani, Mungu. Sikuweza.

Ijumaa, 18 Juni

Wamempasua kutoa usaha. Dawa ni ile ile, sasa kwa sindano, hawangoji ya Dar es Salaam. Daktari amesema habari ya unga imeokoa siku nyingi. Hakuniangalia alipokuwa anasema.

Mguu upo. Upo. Nimeuona mwenyewe, umefungwa bendeji, vidole vitano nje. Nimevishika kimoja kimoja.

Alhamisi, 24 Juni

Wanawake wa wodini wananisimanga. Mmoja anamwambia mwanawe kwa sauti, "Usinywe maji ya yule dada, atakutilia muhogo." Wanacheka. Mama anakunja nguo.

Mama ananiletea chakula. Nakula. Hatuzungumzi zaidi ya "shika" na "asante". Jana aliniletea samaki wa kukaanga, kipande cha tumbo, nikipendacho. Nimempa Zuhura.

Nimejaribu kumwelewa. Kweli nimejaribu. Aliogopa kwa ajili ya Shaibu. Angeniambia tu anaogopa, ningekwenda kwa miguu kumuuliza Sista kidonda cha jando kinatibiwaje. Lakini alichagua kunidanganya, kisha alichagua kidole. Kidole ndicho kinachonirudia. Kile kile alichonionyesha nacho siku ile akisema huyu ndiye msomi wetu.

Ijumaa, 2 Julai

Homa haipo. Zuhura ametaka hadithi, nimemsomea kitabu cha Baiolojia, sura ya mifupa. Amelala kwenye ukurasa wa pili.

Jumatatu nafungua shule. Sijui nani atakaa naye. Najua nani atakaa naye.

Jumamosi, 10 Julai

Wari, vijana wa jando, wametoka kumbini leo. Nimerudi Mikindani kwa siku moja kwa ajili ya Shaibu; jirani yetu amebaki wodini na Zuhura.

Kanzu mpya, kofia mpya, mafuta yanang'aa usoni. Vigelegele mtaa mzima. Mama amechana nywele na kusuka, amepaka hina, amecheza. Sijamwona akicheza tangu nikiwa mdogo. Mjomba Rashidi alikaa kwenye kiti kama yeye ndiye aliyetahiriwa. Shaibu mzima kabisa, na wenzake wote wazima, hata wale ambao kwao hakukuwa na kopo la dawa.

Mama alinitazama kwa mbali mara moja. Nadhani alitaka kusema, umeona?

Mambo ya kumbi hayasemwi kwa wanawake, na mimi sikuuliza. Lakini jioni Shaibu alinifuata nyuma ya nyumba na sahani ya pilau, akasema bila kunitazama: "Ule unga wa Mama uliganda. Waliubandua kwa maji ya moto. Nililia kuliko siku ya kisu." Akaendelea kula. "Usimwambie mtu kwamba nililia."

Nimeahidi.

Kwa hiyo sasa nina neno. Neno moja, nikimwambia Mama litamvunja. Nimekaa nalo jioni nzima. Alikuja kuniuliza kama nimeshiba. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 14 Julai

Zuhura ametoka jana. Anachechemea. Daktari anasema huenda itaisha akikua, huenda isiishe. Vidonge vingine, wiki nyingi, na lazima arudi kuangaliwa.

Sista Anjela alimkabidhi Mama bahasha ya dawa mkononi. "Hizi usimwachie huyu binti." Mama akasema, "Ndiyo, sista." Nilikuwa nimembeba Zuhura mgongoni. Nilisikia pumzi yake sikioni mwangu.

Nyumbani Mama alimimina vidonge kwenye kopo. Akaniletea kopo, akaliweka mapajani mwangu, akaondoka.

Leo asubuhi nimempa Zuhura. Amelia, amenipiga teke kwa mguu mzima, amemeza. Sijawahi kupenda kilio hivyo. Nikalamba ganda. Mchungu mpaka masikioni. Mama alikuwa anachambua mbaazi mlangoni. Zuhura akamgeukia.

"Mama, nawe uonje."

Mama akaweka ungo chini. Akanyoosha kiganja. Nikampa nusu nyekundu. Alilamba, akafumba macho, uso ukakunjamana wote. Zuhura akacheka. Mimi sikucheka. Nilimsogezea kikombe cha maji, akanywa.

Kisha ikaja saa ya shule. Nilikuwa nimeamua kulibeba kopo kwenye mkoba. Nililishika mkononi mpaka barabarani. Lakini dawa ya mchana ni ya mchana, na mchana mimi niko mjini. Nikarudi. Nikaliweka juu ya kabati.

Siku nzima darasani sikusikia hata somo moja.

Niliporudi, Zuhura alikuwa amelala. Mama hakuwepo, alikwenda kuteka maji. Juu ya meza palikuwa na sahani, na juu ya sahani palikuwa na ganda, limefunguliwa, nusu mbili zimelazwa sambamba. Si Zuhura aliyeliweka, kwa mguu ule hafiki mezani.

Nilivua viatu kwanza. Nikalichukua, nikalamba.

Chungu.